Siku ya Kwanza ya Safari ya Ng'ambo, Juni 1989

Sura zilizotangulia katika kitabu hiki zimeeleza habari za watu waliokuja kwetu. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, wakiwa wamesafiri kwa meli hadi Mombasa na kisha kwa miguu hadi mlimani, mizigo yao ikichukuliwa vichwani na wapagazi. Reli ya kutoka Tanga ilipofika Moshi mwaka 1911 mwendo wa nchi kavu ulifupishwa, bali ule wa baharini ulibaki kuwa wa majuma mengi. Mwaka 1932 ndege za Waingereza zilianza kutua Moshi zikiwa safarini kati ya London na Cape Town. Wazee wetu walizitazama zikipita, wakarudi migombani.

Kamati ya Historia imeniomba niandike juu ya safari ya upande wa pili, yaani siku ile Wakristo wa usharika huu walipoondoka kwa mara ya kwanza kwenda kuwaona wale waliotuletea Neno. Nimeikubali kazi hii kwa moyo mzito. Kijitabu cha Jubilei ya miaka 75 kinasema kwamba wajumbe wanne wa usharika walipanda ndege kwenda Ujerumani mwezi Juni 1989. Sivyo ilivyokuwa. Mimi nilikuwa mmoja wao, nilikisoma kijitabu hicho kabla hakijachapwa, nami nilinyamaza.

Viongozi wa Kanisa letu walikuwa wameizoea njia ya anga tangu zamani. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri lilipoundwa mwaka 1963 kwa kuunganisha makanisa saba, uhusiano wake na nchi za ng'ambo ulizidi kukua, na mwaka 1977, katika mkutano uliofanyika Dar es Salaam, Askofu Josiah Kibira alichaguliwa kuwa Rais wa Fungamano la Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kukishika kiti hicho. Lakini kwa Mkristo wa kawaida wa mlimani ndege ilikuwa ni sauti tu. Uwanja wa Kilimanjaro ulifunguliwa mwaka 1971, nasi tulikuwa tukiusikia mlio wake tukiwa shambani.

Barua ya mwaliko kutoka usharika rafiki ilitufikia mwaka 1988. Baraza la Wazee liliteua wajumbe wanne: mzee wa usharika aliyekuwa na umri wa miaka 71, mama aliyeongoza kazi ya wanawake, kijana mmoja wa kwaya, nami niliyekuwa mchungaji kijana na mwandishi wa mambo yote ya safari. Wenyeji wetu walilipa nauli. Miaka ile fedha za kigeni zilitolewa kwa kibali cha Benki Kuu, na pasi ya kusafiria ilikuwa jambo la kwenda mjini na kurudi miezi kadhaa. Usharika ulichanga kahawa kilo nane. Akina mama walitununulia makoti mazito ya mitumba, maana tuliambiwa Ulaya ni baridi. Hakuna aliyetuambia kwamba Juni kule ni kiangazi.

Uteuzi wa mzee yule haukuwa na mjadala. Baba yake alikuwa mpagazi wa mizigo ya wamisionari siku zile kabla ya reli. Mzee alikuwa akisimulia jinsi baba yake alivyobeba sanduku la vitabu kutoka nyika hadi mlimani bila kujua kilichomo, na jinsi yeye mwanawe alivyokuja kujifunza kusoma kwa vitabu vya namna ile ile. Alitaka kwenda kuona vilikotoka. Nadhani usharika mzima ulitaka aende kwa ajili hiyo hiyo, hata kama sisi wengine watatu tungebaki.

Siku ya safari ilikuwa Jumamosi. Tuliondoka baada ya chakula cha mchana katika lori la Mkristo mmoja, kwaya ikiimba nyuma, na alasiri tulikuwa uwanjani ingawa ndege ilikuwa ya usiku. Mkuu wa Jimbo alituombea pale nje chini ya mti. Mzee alivaa suti yake ya Pasaka, koti la sufu amelikunja mkononi, na kilo mbili za kahawa alizibeba mwenyewe kwenye mfuko wa kitenge.

Kwenye meza ya ukaguzi mama alipita, kijana akapita. Mzee alipotoa pasi yake, karani aliiweka kando ya tiketi, akaitazama mara mbili, akamwita mkubwa wake. Pasi ilikuwa na jina la ubatizo na jina la baba. Tiketi ilikuwa na jina la ubatizo na jina la ukoo. Sisi wa huku twajua kwamba huyo ni mtu mmoja. Mtu hujulikana kwa baba yake nyumbani na kwa ukoo wake kanisani, au kinyume chake. Vitabu vyetu vya ubatizo vimejaa mchanganyiko huo, kama alivyokwisha kuona kila aliyewahi kutafuta cheti cha bibi yake. Lakini kwa kanuni za safari hao ni watu wawili. Ofisi iliyotoa tiketi ilikuwa Ulaya, nayo Jumamosi jioni ilikuwa imefungwa.

Karani alitimiza wajibu wake, wala sina neno juu yake. Barua iliyopeleka majina kwa wenyeji wetu niliiandika mimi. Niliyanakili majina kutoka orodha ya wazee wa usharika, sikuomba pasi ya mtu yeyote niilinganishe.

Mama alisema kama mzee haendi, basi haendi mtu. Kijana alinyamaza. Mimi nilitazama saa. Nilifikiria miezi ya maandalizi, nauli iliyolipwa na wenzetu, ibada ya Jumapili iliyofuata ambayo nilipangiwa kuhubiri. Na kwa kweli nilifikiria pia kwamba sijapanda ndege maishani mwangu. Mzee ndiye aliyekata shauri. Alimpa mama ule mfuko wa kahawa, akaniambia, "Nenda, Mchungaji. Watu wanangoja salamu." Kisha akageuka kwenda kulitafuta lori kabla halijaondoka.

Katika Matendo ya Mitume wazee wa Efeso walimsindikiza Paulo hata merikebuni. Nimehubiri juu ya sura hiyo mara nyingi, wala sijawahi kuihubiri bila kuuona mgongo wa mtu yule katika suti yake ya Pasaka.

Habari ya ndege yenyewe ni fupi. Tulifunga mikanda, taa zikapunguzwa, mlima hatukuuona kwa sababu ya giza. Kijana alihesabu vijiji kwa taa zake mpaka zikaisha. Chakula kilikuja katika vyombo vidogo vidogo vilivyofunikwa. Mama alikula, mimi sikuweza. Kiti cha nne katika safu yetu kilikuwa kitupu, akaweka juu yake mfuko wa kahawa. Kwa usiku mmoja tuliivuka njia iliyowachukua wamisionari majuma.

Asubuhi tulibadili ndege Amsterdam, tukafika Frankfurt tukiwa tumelowa jasho ndani ya makoti. Wenyeji walisimama mlangoni na karatasi kubwa yenye majina manne. Wakatuhesabu. Mama, ambaye hakujua Kijerumani wala Kiingereza, alinyoosha kidole kwenye jina la pili, kisha akainua mfuko wa kahawa. Wakadhani mzee amekufa, wakaanza kutupa pole, ikanibidi nieleze kosa langu mbele yao wote.

Mzee aliahidiwa safari iliyofuata. Alilala katika Bwana mwaka 1991, kabla ya safari hiyo. Hakunilaumu hata siku moja, wala hakuruhusu jambo hilo lizungumzwe katika Baraza. Labda ndiyo sababu aliyeandika kijitabu cha Jubilei alihesabu wateule badala ya wasafiri.

Picha iliyopigwa Frankfurt asubuhi ile ingali ukutani katika ofisi ya usharika, na chini yake pameandikwa wajumbe wanne. Walioko pichani ni watatu na mfuko wa kahawa. Nimemwomba Katibu wa Usharika ayasahihishe maandishi hayo kabla wageni wa Dayosisi hawajafika.