Kutoka kushika kamba hadi kuruka viunzi: historia ya watoto na mbwa uwanjani

Februari 1978, katika ukumbi wa Olympia jijini London, waandaaji wa maonyesho ya mbwa ya Crufts walikuwa na pengo kwenye ratiba. Mashindano ya utii yakiisha, watazamaji walibaki wakisubiri kuanza kwa uamuzi wa mwisho wa kumtafuta mbwa bora. John Varley, mjumbe wa kamati, alikuwa mpenzi wa michezo ya farasi wanaoruka viunzi, akaona mbwa nao wanaweza kufanya vivyo hivyo. Alimtafuta Peter Meanwell, mfunza mbwa, wakaandaa viunzi, na timu mbili za mbwa wannewanne zikaingia uwanjani.

Kilichokusudiwa kujaza muda kikageuka kuwa mchezo. Mwaka 1980 Kennel Club, chama kinachosimamia mambo ya mbwa Uingereza, kiliutungia kanuni rasmi. Mwaka 1986 Kenneth Tatsch akaanzisha chama cha USDAA ili kuueneza Marekani. Leo mchezo huo, unaofahamika kama ajiliti, unachezwa katika nchi nyingi, na miongoni mwa washindani wamo watoto wa umri wa shule ya msingi.

Ajiliti haikubuniwa kwa ajili ya watoto. Walikuwa wameshaanza kuingia kwenye viwanja vya mbwa zaidi ya miaka 40 kabla yake, ila kwa mlango mwingine. Mwaka 1932, katika jimbo la New York, yalifanyika mashindano ya watoto ambayo chimbuko lake lilikuwa Leonard Brumby, mtu aliyeishi kwa kazi ya kuongoza mbwa wa watu mbele ya waamuzi. Mbwa hakuwa ndiye anayepimwa. Mwamuzi alimtazama mtoto: anavyomsimamisha mnyama, anavyomtembeza kwa kamba, anavyomfunua mdomo meno yaonekane bila kumtia hofu. Mwaka 1951 mashindano hayo yalipewa jina la Junior Showmanship, na mwaka 1971 American Kennel Club, chama kikuu cha mbwa Marekani, ikayatambua rasmi.

Mtoto alikuwa amepata nafasi, lakini nafasi yenyewe ilitegemea jicho la mwamuzi mmoja. Tena mashindano hayo yaliambatana na maonyesho ya mbwa wa nasaba, wenye vyeti vya ukoo. Mtoto ambaye mbwa wake aliokotwa mtaani hakuwa na la kufanya ila kununua tiketi na kutazama.

Ajiliti ilikuja na kipimo kingine: saa na hesabu ya makosa. Kwa kanuni za FCI, shirikisho la kimataifa lenye makao yake Ubelgiji, njia ya mashindano huwa na viunzi 15 hadi 22. Kuna miti ya kuruka, tairi la kupenya, handaki, ubao mrefu ulioinuliwa kama daraja, ubao wa bembea unaoinamia upande wa pili mbwa akivuka katikati, na mbao mbili zilizoegemezwa hadi kimo cha mita 1.70. Kuna pia fito 12 zilizosimikwa mstari mmoja, ambazo mbwa huzipita zigizaga bila kuruka hata mmoja. Sehemu za chini za mbao za kupanda hupakwa rangi tofauti, aghalabu njano, na mbwa lazima azikanyage. Hiyo imewekwa kwa usalama wake, asije akaruka kutoka juu akaumia. Asipokanyaga, pointi 5 za adhabu.

Mbwa hukimbia bila kamba, na mwongozaji haruhusiwi kumgusa wala kushika chochote mkononi. Kilichobaki ni sauti, mikono, mabega na miguu yake.

Hapo ndipo umri unapopungua uzito. Kabla ya mashindano, waongozaji huruhusiwa kuikagua njia kwa dakika chache bila mbwa. Kwa mgeni ni kichekesho: msichana wa miaka kumi anatembea huku akinyoosha mkono kumwelekeza mbwa ambaye hayupo, anageuka ghafla mbele ya handaki, anarudi nyuma hatua mbili, anarudia tena huku midomo ikichezacheza. Anachokariri ni zaidi ya mpangilio wa namba. Anapanga akimbie upande gani wa mbwa na abadilishe upande wapi, kwa sababu mbwa anasoma mwelekeo wa mabega na vidole vya miguu kabla hajasikia amri. Mguu ukielekea kwenye kiunzi kisichofuata kwenye mpangilio, mbwa atakirukia hicho hicho, na jozi nzima itaondolewa. Kosa ni la mtoto, na kila aliyeketi jukwaani amelielewa.

Wala nguvu za miguu si hoja. Mbwa aina ya Border Collie humwacha nyuma mtu mzima kwa urahisi, sembuse mtoto. Kwa hiyo wote wawili, mkubwa na mdogo, hukabiliwa na mtihani ule ule: kumfundisha mbwa afanye kazi akiwa mbali, na kukata kona mapema. Hayo hupatikana kwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara. Mbwa mchanga huanza kwa kupita juu ya ubao uliolazwa chini, akizawadiwa kipande cha chakula kila anapopatia. Kanuni za FCI zinataka awe na angalau miezi 18 ndipo ashindane, kwani mifupa na viungo vinahitaji muda wa kukomaa. Mtoto mwenye haraka ya medali hana budi kusubiri.

Vyama vilipotambua hilo, milango ikafunguliwa. Mwaka 1985 Kennel Club ilianzisha jumuiya ya vijana, ambayo baadaye iliitwa Young Kennel Club na hupokea wanachama wa miaka 6 hadi 24. Wanachama hao wana mashindano yao ya ajiliti ndani ya Crufts. Barani Ulaya, FCI iliandaa mashindano ya kwanza ya dunia ya ajiliti mwaka 1996 huko Morges, Uswisi, na baadaye yakazaliwa mashindano ya kimataifa ya vijana peke yao.

Marekani njia ilipita pia mashambani. Vilabu vya 4-H, vilivyochipuka mwaka 1902 katika wilaya ya Clark jimboni Ohio kwa juhudi za A. B. Graham, vilianza kwa kuwafundisha watoto kilimo na ufugaji. Mbwa naye akaingia kwenye orodha ya miradi yao, na ajiliti ikafuata. Huko mtoto hahesabiwi kwa mbio tu: hutakiwa kuandika daftari la chakula, chanjo na gharama za mnyama wake. Msomaji wa Kenya ataona jambo analolijua, kwani vilabu vya 4K vya shuleni, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, ni vya ukoo huo huo wa 4-H, ingawa kwetu mtoto hukabidhiwa zaidi kitalu cha mboga na sungura.

Kikwazo cha nasaba ndicho kilichochelewa kuondoka. USDAA ilipokea mbwa wa kila aina. American Kennel Club, iliyoanza kuidhinisha ajiliti mwaka 1994, iliwafungulia chotara mwaka 2010. Mwaka 2014 maonyesho ya Westminster ya New York, yaliyoanza 1877, yaliongeza shindano la ajiliti na kuwaruhusu chotara washiriki. Miaka kumi baadaye chotara mdogo aitwaye Nimble, mchanganyiko wa Border Collie na Papillon, alilitwaa taji hilo. Mwongozaji wake alikuwa mtu mzima, lakini faida ni kubwa zaidi kwa watoto: mtoto hachagui mbwa wa nyumbani kwao, na kwa miaka mingi cheti cha ukoo kilikuwa kimeshamwamulia kabla hajaanza mazoezi. Siku hizi mwenye mbwa koko na mwenye mbwa wa vyeti hupanga foleni moja, na saa haiulizi ukoo.