Kutoka Redio ya Barazani hadi Sabufa ya Sebuleni

Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza matangazo yake mwaka 1951, na kwa miaka mingi baadaye, redio ya vijiji vya Pwani ilikuwa mali ya baraza zima, na mwenye nayo, kabla ya kuulizia kishindo chake, aliulizia betri, ambazo zilipochoka zilianikwa juani ili zipate uhai kidogo. Televisheni ilitangulia Unguja mapema miaka ya 1970, ilhali bara haikupata kituo chake hadi mwaka 1994. Ndipo sebule za Kibaha na Kisarawe zikaanza kutamani sauti inayolingana na picha.

Ikaja sabufa, jina ambalo watu wetu wameupa mtambo mzima, ingawa asili yake ni kile kisanduku kimoja cha besi. Mtambo kamili wa 5.1 una spika tano pamoja na sabufa, nami namsihi mwenye kipato cha wastani, afikapo Kariakoo, asitekwe na mtikisiko wa dukani, bali aisikilize kwanza spika ya katikati, ibebayo maneno ya waigizaji. Kwani chini ya mabati, masika yanaponyesha, maneno ndiyo yanayopotea kwanza.