Mfuko Uliopotea: Bastola za Wanawake na Nguo Zao Marekani

Mimi ni fundi cherehani. Kazi nilifunzwa na mama mdogo, Kibokoni, Mombasa; siku hizi nashona na kurekebisha nguo Houston, Texas. Huku kuna wateja wa kike wanaoniletea suruali au koti na kuniuliza swali ambalo Mombasa sikuwahi kuulizwa: bastola ikae wapi? Kwetu bastola ni ya askari, au ya tajiri mwenye leseni ambaye mtaa mzima unamnong'ona. Hapa anayeuliza ni muuguzi wa zamu ya usiku, au dalali wa nyumba anayekutana na wageni peke yake kwenye majumba matupu. Ili niwajibu sawasawa ilibidi nisome mambo haya yalikotoka, nikakuta kwamba mengi yanamhusu fundi wa nguo kuliko fundi wa bunduki.

Karne ya 18 mwanamke wa Ulaya, na wa makoloni ya Marekani, alikuwa na mifuko mikubwa. Haikushonewa kwenye gauni. Ilikuwa jozi ya vifuko vya kitambaa vilivyofungwa kiunoni kwa utepe, ndani ya sketi, na mkono ulipita kwenye mpasuo ulioachwa katika mshono wa ubavuni. Mle zilikaa funguo, mkasi, sindano na pesa. Miaka ya 1790 mtindo ukageuka. Gauni likawa jembamba, kitambaa chepesi, kiuno kimepandishwa hadi chini ya matiti, na chochote kilichotuna ndani kilionekana. Mifuko ikaondoka, vikaja vipochi vya kushika mkononi. Tangu hapo mwanamke alikosa mfuko wa maana, na kila aliyetaka kumuuzia silaha ilimbidi aanzie kwenye upungufu huo.

Jibu la mwanzo lilikuwa bastola ndogo sana. Wakati wa baridi mabibi walitia mikono yote miwili katika mfuko wa manyoya ulio wazi huku na huku. Mafundi wa Uingereza na wa Liège, Ubelgiji, wakaunda vibastola vya kukaa humo: mtutu mfupi, risasi moja, na vingine vikiwa na triga iliyojikunja ndani hadi nyundo ivutwe, isije ikanasa kwenye manyoya. Marekani alikuwepo Henry Deringer wa Philadelphia, ambaye bastola yake yenye urefu wa kama sentimita 15 ndiyo aliyoitumia John Wilkes Booth kumuua Rais Lincoln mwaka 1865. Mwaka uliofuata kampuni ya Remington ikaanza kutoa ya mitutu miwili iliyobebana, ikaendelea kuitengeneza hadi 1935. Ilifichika popote, hata ndani ya soksi ndefu. Lakini risasi zilikuwa mbili tu, zenye mwendo wa polepole, na kwa mtutu mfupi hivyo ukisogea hatua chache huna hakika utapiga wapi.

Hatua ninayoiheshimu mimi ni ya mwaka 1887. Bastola ya silinda ya wakati huo ilikuwa na nyundo nje, ncha ya chuma iliyotokeza nyuma kama ndoana. Fundi yeyote anajua ncha hiyo inafanya nini. Ukichomoa kwa pupa inakamata uzi, uzi unavuta bitana, na bastola inatoka imezongwa na kitambaa hadi kwenye nyundo. Smith & Wesson wakaificha nyundo ndani ya mwili wa bastola. Tena wakaweka kwenye mpini kipande cha chuma ambacho kiganja lazima kikibane ndipo ifyatuke. Watu wakaibandika jina la kikamulio cha ndimu. Hadi leo bastola nyingi za silinda zinazotengenezwa kwa ajili ya kufichwa nguoni hufichwa nyundo vilevile.

Mwaka 1902 kampuni hiyohiyo ikatoa LadySmith, bastola ya kike kwa jina lake, yenye risasi saba za .22, nyembamba na dhaifu. Iliondoka sokoni mwaka 1921. Wakusanyaji wa silaha hupenda kusimulia kuwa ilisimamishwa kwa sababu malaya waliipenda mno, kisa ambacho hakina ushahidi.

Aliyeuziwa bastola hizo alidhaniwa kuwa bibi wa mjini, mwenye glavu na hofu ya vibaka. Ida B. Wells alikuwa na hofu nyingine. Huyu alikuwa mhariri mweusi wa gazeti la Free Speech mjini Memphis. Machi 1892 rafiki yake Thomas Moss, mwenye duka, alitolewa jela pamoja na wenzake wawili, wakauawa na genge la wazungu. Wells aliandika katika kumbukumbu za maisha yake kwamba baada ya kifo hicho alinunua bastola. Mei mwaka huo, akiwa safarini, ofisi ya gazeti lake ikavunjwa, na hakurudi kuishi Memphis. Yeye hakuwa akitafuta kitu cha kupendeza kwenye kipochi.

Sheria nazo zilikuwa na lao. Texas ilipiga marufuku kubeba bastola tangu 1871. New York ikadai kibali kuanzia 1911, na kibali alichopewa Eleanor Roosevelt mwaka 1957, mjane wa rais mwenye umri wa zaidi ya miaka 70, kimehifadhiwa hadi leo. Huku kwetu Texas mambo yaligeuzwa na mwanamke. Tarehe 16 Oktoba 1991 mtu mwenye silaha aliingia na gari ndani ya mkahawa wa Luby's mjini Killeen, akaua watu 23. Suzanna Hupp alikuwa mezani na wazazi wake. Aliunyoosha mkono kwenye pochi, akakumbuka kwamba bastola ameiacha garini kwa kuogopa sheria. Wazazi wake wote wawili walikufa. Alitoa ushahidi mbele ya mabunge mbalimbali, na mwaka 1995 Texas ikapitisha sheria ya leseni za kubeba silaha iliyofichwa. Mwaka uliofuata alichaguliwa mbunge wa jimbo. Tangu Septemba 2021 watu wazima wengi wa Texas hawahitaji hata leseni hiyo.

Florida ilikuwa imelegeza sheria yake mwaka 1987, na viwanda vikanusa soko. Mwaka 1989 LadySmith ikarudi, sasa ikiwa ya .38 na risasi tano, na mpini uliopunguzwa kwa kiganja kidogo. Hilo la mpini lilikuwa jambo la haki. Lakini wauzaji waliendelea na mazoea ya zamani: akiingia mwanamke, anaonyeshwa bastola ndogo kuliko zote, nyepesi kuliko zote, ikiwezekana ya waridi. Kumbe wepesi una gharama. Risasi ileile ikitoka kwenye bastola ya gramu 425 hurudisha teke kali kuliko ikitoka kwenye ya gramu 800; na mtutu mfupi hukuza kila kosa la mkono. Hizo ndogo ni za mtu aliyekwisha kuzoea, na ndizo wanazopewa wanaoanza.

Pa kuibeba pia palirithiwa kwa wanaume. Ala ya kiunoni ilibuniwa kwa mkanda mgumu na nyonga zilizonyooka. Mwenye nyonga pana akiivaa ubavuni, mpini unalala ndani na kumchoma mbavu. Ndiyo maana wengi waliishia kwenye mkoba wa mkononi, hata mikoba yenye chumba chake maalumu chenye zipu. Desemba 2014, katika duka moja la Hayden, Idaho, mtoto wa miaka miwili aliingiza mkono kwenye mkoba wa namna hiyo akampiga mama yake risasi, akafa papo hapo. Mkoba huwekwa kwenye toroli, huning'inizwa kitini, huporwa. Walimu wengi wa silaha sasa wanataka bastola ikae mwilini, ndani ya ala ya plastiki ngumu inayofunika triga yote, iwe mbele kidogo ya nyonga, au kwenye mshipi mpana wa tumboni ulioshonewa ala hiyo.

Viwanda navyo vimeanza kusikia. Mwaka 2018 Smith & Wesson walitoa Shield EZ, ya magazini, si ndogo kupindukia, iliyolegezwa ili sehemu ya juu ivutike bila kutumia nguvu nyingi. Imewafaa kina mama wenye yabisi ya vidole, na wazee wa kiume vilevile.

Kwa hiyo mteja akinijia na gauni mkononi akisema, "Fundi, nitafutie bastola ya kuingia humu," namrudisha. Nenda kwanza uwanja wa shabaha, namwambia, ukodishe tatu au nne, uchague unayoweza kuipiga vizuri hata mkono ukichoka. Kisha nunua ala ya bastola hiyohiyo. Mwisho niletee ala tupu, bastola ubaki nayo nyumbani ndani ya kasha lenye kufuli, nami nitashona bitana ngumu, nitaongeza inchi moja kiunoni na nitasogeza mshono. Nguo inakubali kupanuliwa.