Jinsi tarakilishi inavyosoma tahadhari ya mafuriko iliyoandikwa kwa XML

Tahadhari ya mvua kubwa hupitia tarakilishi kadhaa kabla ya kumfikia mkazi wa Naivasha, Solai au jiji la Nakuru. Makala haya yanaeleza hatua moja ya safari hiyo, ambapo programu hupokea maandishi ya XML na kuyageuza kuwa vitu inavyoweza kuvitumia.

Umuhimu wake katika Bonde la Ufa ya Kati si wa nadharia tu. Usiku wa Mei 9, 2018, bwawa la Patel lilipasuka huko Solai na kuua zaidi ya watu 40. Alfajiri ya Aprili 29, 2024, msimu wa mvua nyingi, maji yalisomba makazi katika eneo la Mai Mahiu na kuua makumi ya watu wengine. Hakuna faili iwezayo kuzuia maji, wala utabiri wa mvua hausemi ni bwawa gani litakalopasuka. Hata hivyo, tahadhari iliyokwisha kutolewa haipaswi kupotea njiani kwa sababu programu imeisoma vibaya.

Muundo wa ujumbe

XML ni mtindo wa kuandika data kwa kuzungushia kila habari lebo inayoitaja. Uliidhinishwa na shirika la W3C mnamo Februari 1998. Juu ya msingi huo kulijengwa CAP, muundo wa kimataifa wa kutolea tahadhari, ambao toleo lake la 1.2 lilipitishwa na shirika la OASIS mwaka 2010. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ya Kenya ni miongoni mwa idara ambazo zimetoa tahadhari kwa muundo huu.

Ujumbe wa CAP hueleza aliyeutuma, saa ya kutumwa, ukubwa wa hatari, muda wa kumalizika, eneo linalohusika na hatua ambazo wananchi wanashauriwa kuchukua.

Kutoka maandishi hadi kitu

Kazi ya kuchanganua ina sehemu mbili. Kwanza, kichanganuzi husoma maandishi na kuyapanga kama mti: shina ni tahadhari yenyewe, na matawi ni maelezo yake. Lugha nyepesi za programu huja na zana hiyo tayari. Python imekuwa na ElementTree tangu toleo la 2.5 la mwaka 2006, na PHP ilipata SimpleXML katika toleo la 5 la mwaka 2004.

Pili, mwandishi wa programu huchukua matawi hayo na kuunda kitu chenye sifa zinazoeleweka: saa iwe saa, mahali pawe mahali, orodha iwe orodha. Wengi huipuuza sehemu hii ya pili. Kwa kichanganuzi kila thamani ni maandishi tu, na ni mwandishi wa programu anayepaswa kuipa maana yake. Makosa hujitokeza zaidi katika mambo matano.

1. Nafasi ya majina. Lebo za CAP huambatana na kitambulisho kirefu kinachoonyesha ni za muundo gani. Programu ya Python inayotafuta lebo kwa jina lake fupi pekee haitaipata, wala haitatoa onyo. Hupata orodha tupu, ikadhani kwamba siku hiyo hakuna tahadhari.

2. Hali ya ujumbe. Lebo ya "status" hutenganisha tahadhari ya kweli na zoezi au jaribio, nayo "msgType" huonyesha iwapo ujumbe ni mpya, unasahihisha wa awali au unaufuta. Asiyezisoma anaweza kuwaamsha watu kwa ajili ya jaribio, au kuendelea kutangaza hatari iliyokwisha kufutwa.

3. Saa. CAP hutaka kila saa iambatane na tofauti yake na saa ya dunia, na kwa Kenya tofauti hiyo ni +03:00. Tahadhari iliyoandikwa kwa saa ya dunia kuwa inamalizika saa 15:00 kwa hakika inamalizika saa 18:00 nchini, yaani saa kumi na mbili jioni. Programu inayotupa tofauti hiyo itaiondoa saa tatu kabla ya wakati.

4. Mahali. Eneo huchorwa kwa jozi za namba, latitudo ikitangulia longitudo. Miundo mingine ya ramani, kama vile KML na GeoJSON, hutanguliza longitudo. Jiji la Nakuru lipo karibu na latitudo -0.30 na longitudo 36.07. Namba hizo zikibadilishana nafasi, tahadhari ya Nakuru huangukia Bahari ya Mediterania, karibu na Oran nchini Aljeria.

5. Lugha. Ujumbe mmoja unaweza kubeba maelezo kwa lugha kadhaa, kila moja katika sehemu yake ya "info". Programu inayochukua sehemu ya kwanza pekee inaweza kupeleka Kiingereza kwa msomaji wa Kiswahili, ilhali tafsiri imo katika faili ile ile. Ni salama kuzichukua sehemu hizo kama orodha daima, hata ikiwa na kimoja tu.

Kanuni ya kufuata

Programu isiyoielewa thamani fulani haipaswi kukisia wala kunyamaza. Iuweke kando ujumbe huo na kumwita mhudumu papo hapo, ausome kwa macho yake. Aidha, kila badiliko la programu lijaribiwe kwa ujumbe ambao jibu lake linajulikana: eneo lionekane Nakuru kwenye ramani, saa iwe ya Kenya, na maneno yawe ya Kiswahili. Jaribio hilo lifanywe wakati wa kiangazi, kabla mvua za masika hazijaanza.