Pikipiki ya Kwanza Sengerema: Ukubwa wa Injini Huanzia Kwenye Leseni

Mwananchi wa Sengerema anayekwenda kununua pikipiki ya kwanza kwa kawaida hukutana na swali moja dukani: 100, 125 au 150? Namba hizo hueleza ujazo wa silinda kwa cc, yaani nafasi ambamo mafuta na hewa huchomwa ili kuisukuma pistoni. Ujazo ukiongezeka, nguvu huongezeka, na matumizi ya mafuta huongezeka pia. Jambo ambalo wanunuzi wengi hawaambiwi ni kwamba namba hizo zina uzito kisheria.

Katika madaraja ya leseni za udereva nchini, A1 humruhusu dereva kuendesha pikipiki ambayo injini yake haizidi cc 125. Inayozidi kiwango hicho huhitaji daraja A. Kwa hiyo, kijana mwenye A1 anayechukua pikipiki ya 150 kwa mkataba, akipeleka hesabu kwa mmiliki hadi chombo kiwe mali yake, anaendesha pikipiki ambayo leseni yake haiitambui. Kasoro hiyo inaweza kukaa kimya kwa miezi, kisha ikajitokeza siku ya ajali, madai ya bima yanapochunguzwa.

Maandishi ya ubavuni mwa pikipiki hayatoshi kuwa uthibitisho, kwani watengenezaji wengi hukadiria. Cha kutazama ni ujazo ulioandikwa kwenye kadi ya usajili inayotolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Kwa pikipiki iliyokwisha tumika, namba ya chesi na ya injini zilinganishwe na kadi hiyo kabla ya fedha kutolewa, na umiliki uhamishwe rasmi.

Baada ya leseni, huja suala la njia. Anayetoka nyumbani kwenda shambani au mwaloni kwa barabara za changarawe hana sababu kubwa ya kuipita 125. Pikipiki nyepesi humsamehe anayejifunza, hasa kwenye tope, ilimradi miguu yote miwili ifike chini akiwa ameketi. Hali ni tofauti kwa anayetumia barabara kuu ya Mwanza kwenda Geita. Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilizinduliwa Juni 19, 2025 na kuondoa kusubiri kivuko. Safari ya Mwanza sasa ni ya moja kwa moja, pamoja na mabasi na malori. Hapo pikipiki ya 100 yenye abiria hukosa akiba ya nguvu inapolazimu kulipita gari, na busara ni kutolipita.

Wabebaji wa magunia ya dagaa hupenda 150, na wana hoja. Hata hivyo, injini husukuma mzigo tu; kinachousimamisha ni breki na tairi, navyo ndivyo hukaguliwa mwisho, kama vinakaguliwa.

Anayekusudia kubeba abiria kwa malipo huhitaji pia leseni ya usafirishaji kutoka Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA). Abiria anayeruhusiwa ni mmoja, si mishikaki. Bajeti ya ununuzi ihesabu kofia ngumu mbili, ya dereva na ya abiria wake.