Gunia na Ngozi: Akiba ya Chakula Turkana Wakati wa Vita

Italia ilipoingia vitani Juni 1940, Turkana, kaskazini mwa Kenya, ikawa mpaka wa vita, maana ng'ambo yake ilikuwa Ethiopia iliyoshikwa na Waitalia. Chakula cha askari na watumishi wa serikali kilitoka Kitale, reli ilikoishia, kikapakiwa kwenye malori hadi Lodwar, mwendo wa karibu kilomita 300. Njiani kulikuwa na mito mikavu inayofurika ghafla. Gunia lililokwama halikumshibisha mtu.

Mwaka 1942 serikali ya koloni iliunda Udhibiti wa Mahindi, na chama cha wakulima walowezi, KFA, kikawa wakala wake. Mahindi yalinunuliwa kwa bei iliyopangwa, na kuyahamisha kutoka wilaya moja hadi nyingine kulihitaji kibali. Mlowezi alilipwa zaidi kwa gunia kuliko mkulima Mwafrika. Hilo pekee lilitosha kumfanya mkulima mdogo aone bora afiche nafaka yake kuliko kuileta sokoni. Mvua zilipokosekana, ghala zilikuwa hazina cha kutosha. Mwaka 1943 njaa ilienea, posho ya vibarua ikapunguzwa, na tume ikaundwa kuchunguza upungufu huo. Ukame haukuweza kuzuiwa, lakini bei zile zilipangwa na watu.

Waturkana walikuwa na akiba ya namna nyingine, isiyohitaji kibali. Mama alimwaga maziwa yaliyoganda juu ya ngozi, akayatandaza mpaka jua liyakaushe, kisha akayasaga yakawa unga uitwao edodo. Nyama ilikatwa vipande vyembamba ikaanikwa. Matunda ya mikoma yaliokotwa kandokando ya Mto Turkwel, na mtama ulipandwa pale maji ya mto yalipopungua. Akiba kubwa kuliko zote, hata hivyo, ilitembea kwa miguu: ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo waliotawanywa, wengine wakikopeshwa marafiki wa mbali, ili ukame au uvamizi wa sehemu moja usimalize mali yote.

Akiba hiyo ilitegemea mifugo kuhama kwa uhuru. Lakini Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa, watu wakiingia na kutoka kwa idhini, na mapigano ya mpakani yalifanya malisho ya kaskazini kuwa hatari. Udhibiti wa nafaka nao haukukoma vita vilipoisha; Kenya huru iliurithi, na leo ghala za taifa zinasimamiwa na Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao.