Hodi za Ikwiriri: hesabu ya vifo iliyogeuza bajeti ya Rufiji

Mwaka 1993 Benki ya Dunia ilitoa ripoti iliyodai kwamba nchi maskini zinaweza kuokoa maisha ya watu wengi kwa kutumia dola 12 tu kwa kila mtu kwa mwaka, mradi fedha ziende kwenye maradhi yanayoua zaidi. Tanzania ilikuwa ikitumia kama dola 8. Dai hilo likaja kujaribiwa katika wilaya mbili: Morogoro Vijijini na Rufiji, ambayo wakati huo ilikuwa bado na Kibiti na visiwa vya delta ndani yake.

Jaribio liliitwa TEHIP. Lilianza 1996 kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya na IDRC, shirika la Canada la kugharimia utafiti. Mratibu wake alikuwa Dk. Harun Kasale, na utafiti uliongozwa na Don de Savigny.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa hiki: Warufiji wengi walifia nyumbani, na msiba wa nyumbani hauingii kwenye daftari la zahanati. Wapanga bajeti walimwona mgonjwa aliyefika kituoni tu. Novemba 1998 sensa ya kudumu ikaanza, makao yake Ikwiriri. Ilihusu vijiji 31 na watu wapatao 85,000. Kila baada ya miezi minne mdadisi alipiga hodi katika kila kaya kuuliza nani kazaliwa, nani kahama, nani kafariki. Palipokuwa na msiba, wafiwa walihojiwa baadaye kuhusu dalili za marehemu, kisha madaktari wakasoma maelezo hayo na kukadiria chanzo cha kifo.

Hesabu za namna hii ziliumbua bajeti. Morogoro, malaria ilibeba kama asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, lakini ilipata asilimia 5 ya fedha.

Ziliumbua na dhana nyingine. Wengi waliamini kuwa watoto hufa kwa sababu wazazi hukimbilia waganga, hasa mtoto akipatwa na degedege. Wafiwa walieleza tofauti: karibu wanne katika kila watano waliokufa kwa malaria walikuwa wamepelekwa kwanza kutibiwa kwa dawa za kisasa. Lawama ikahama kutoka kwa mama wa kijijini hadi kwenye huduma aliyoikuta alipofika.

Mradi haukuchukua kazi ya wilaya. Uliipa timu ya afya michoro ya kompyuta iliyoonyesha fedha zinakwenda wapi na vifo vinatoka wapi, ukaboresha usimamizi wa vituo na mawasiliano ya redio, kisha ukaiacha iamue. Ulikuwa tayari kuongeza hadi dola 2 kwa mtu. Wilaya ziliweza kutumia kama senti 80 tu. Hata hivyo, kati ya 1999 na 2000 vifo vya watoto wachanga Rufiji vilishuka kutoka 100 hadi 72 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Miaka michache baadaye, vifo vya walio chini ya miaka mitano vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya asilimia 40. TEHIP ilifungwa 2004, na sensa ikaendelezwa na Taasisi ya Afya Ifakara, asasi isiyo ya kibiashara.

Kazi ya hodi inahitaji amani. Mauaji yalipoikumba Kibiti mwaka 2017, waliolengwa ni pamoja na polisi, wanane kati yao wakiuawa siku moja, Aprili 13, na viongozi wa vijiji, watu wale wale ambao mgeni hupelekwa kwao kwanza kabla ya kuingia kwenye nyumba za watu. Kijiji kinachoogopa hodi hakihesabiki.

Leo Kibiti ni wilaya yenye halmashauri yake na bajeti yake. Mwananchi wa Nyamisati au Mbwera ana haki ya kumuuliza diwani wake swali lile lile la 1998: nini kinatuua, na fedha zetu zimekwenda wapi?